Pikipiki Nyekundu ya Bwana Shaame

Mwezi uliopita, katika mji ambao nimepanga chumba kwa muda tu, kama nilivyopanga katika miji mingine mingi, mwenye nyumba wangu aliupaka mlango wa nje rangi ya mafuta. Rangi ilikuwa kidogo, akaizimua kwa mafuta ya taa ili ifike mpaka chini. Nilikuwa napita ukumbini na ndoo ya maji. Harufu ile iliponipata niliiweka ndoo chini nikasimama, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asimwone anayemwita. Mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nakumbuka pikipiki. Alinitazama kwa shaka, na sikumlaumu, maana shaka ndiyo hasa niliyokuwa naikumbuka.

Nyinyi mliokulia Pemba wakati wetu mtajua ninachosema. Tulijifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kusoma. Zilikuwa zama ambazo karafuu, hata ile iliyoota nyuma ya choo chako mwenyewe, ilikuwa na mahali pamoja tu pa kuuzwa na bei moja isiyojadiliwa, na ng'ambo kule Mombasa kulikuwa na bei nyengine. Kwa hiyo magunia yalitembea bila ya kuonekana, na watu nao wakawa wanatembea wakitazamana. Mtu akipita mbele ya nyumba, maneno yalikatwa katikati yakageuzwa kuwa ya mvua. Mimi nilidhani watu wazima wanaipenda sana mvua.

Tulikaa ndani kidogo kutoka Mtambile, kijiji cha vilima na udongo mwekundu ambao ukilowa hauna tofauti na sabuni. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alikwenda kununua sokoni Wesha, akafunga tenga nyuma ya baiskeli, akarudi nalo akipanda na kushuka, na mahali pengi akiisukuma. Siku za masika alifika jua limeshapanda na macho ya samaki yameshaingia ndani. Wanawake walikuwa wakiwabonyeza kwa kidole. Jirani yetu Bi Time, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alikuwa habonyezi hata. Alinusa tu.

"Omari," akamwambia Baba, "samaki wako huyu jana kalala wapi?"

"Baharini, Bi Time."

"Basi kalala macho, maana kachoka kuliko weye."

Watu wakicheka, na Baba akicheka nao, lakini nyumbani sahani alikuwa akiiacha nusu. Ndipo akaamua kuuza ng'ombe jike, Mama akaongeza fedha zake za kuchuma karafuu, na Baba akaanza kutafuta pikipiki.

Hakutaka yoyote tu. Alitaka zile ndefu, za tairi za meno, ambazo watu wa miradi walikuwa wakizipandia milimani. Ila njia ya kutoka Wesha inapita barabara kuu, na kwenye barabara kuu walisimama askari. "Nataka chombo kinachopita matopeni," alikuwa akisema, "na kinachopita mbele ya askari." Maana yake iwe na namba, iwe na taa mbele na nyuma, iwe na honi, na iwe na kadi. Na kwa fedha alizokuwa nazo, kupata vyote hivyo kwenye chombo kimoja ilikuwa kama kutaka papa asiye na meno.

Alinichukua mimi katika safari zake za kutazama. Mwanamme anayefuatana na binti mdogo huonekana amekwenda kuzuru jamaa, na mwenye mali hapandishi bei. Njiani alikuwa akinifundisha. "Tukifika, usiitazame pikipiki. Tazama chini yake. Ukiona mafuta ardhini, nishike kanzu." Yeye mwenyewe, kabla hata salamu hazijamalizika, alikuwa akiupitisha mkono kwenye injini kama anayempapasa mbuzi. Ikiwa ya moto, alijua imewashwa kabla hatujafika, kwa sababu haiwaki ikiwa baridi. Basi tulikunywa maji, tukaulizana hali za wagonjwa, tukaondoka. Baba alimshuku kila mtu, na mimi nilimuona shujaa kwa ajili hiyo.

Tuliona moja Mkoani ambayo kadi yake, kwa maneno ya mwenyewe, ilikuwa Unguja kwa shemeji. Tuliona nyengine ambayo tarakimu za kwenye injini zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa. Ya tatu ilikuwa nzuri yote, ila ilikwenda huku ikitazama pembeni mithili ya kaa. "Hii ishaanguka," Baba akasema. Mwenyewe akaapa haijaanguka. "Basi imezaliwa hivi," akasema Baba, tukaondoka.

Ndipo mtu mmoja sokoni Wesha akamwambia kwamba Wete kuna bwana anauza, na bei yake utaikataa kwa kudhani umesikia vibaya.

Nyumba ile ilikuwa nzuri, ya mawe, na mbele yake palikuwa na baraza ndefu iliyopakwa chokaa. Barazani hapakuwa na mtu, wala mkeka, wala kiatu hata kimoja mlangoni. Mimi nilikuwa sijapata kuona, wakati wa alasiri, baraza ya mtu mzima isiyo na mtu. Kisha nikaiona pikipiki kando ya nyumba, ndefu, tangi lake jekundu kama pilipili, na mkono wa Baba ukanibana vidole mpaka vikauma.

Aliijua. Na mimi niliijua, japo nilikuwa sijapata kuiona. Kila mtoto wa kijijini kwetu aliijua. Ilikuwa ikisemwa kwamba ilionekana kilimani juu ya ufuo mchana wa siku ile aliyokamatwa Ami Kombo, mdogo wake Baba, na magunia yake. Ami Kombo alifungwa. Alipotoka alivuka kwenda Mombasa na hakurudi tena. Mwenye pikipiki aliitwa Bwana Shaame, watu wakasema ndiye aliyemchongea, na tangu hapo wakamsusia. Hawakumzika jamaa yake, hawakula harusi yake, hawakununua dukani kwake mpaka akalifunga. Bibi, mama yake Baba na Ami Kombo, hakulitaja jina lake. Akilazimika, alisema "yule najisi," kisha akasukutua.

Nilidhani tutageuka. Baba alisimama kidogo, akatoa salamu.

Bwana Shaame alitoka, mtu mwembamba, mpole, mwenye alama ya sijda kwenye paji. Alifurahi kuona wageni, furaha nyingi mno kwa watu asiowajua. Alileta chai na kashata.

"Nimefunga," akasema Baba.

Nilimtazama. Asubuhi alikula muhogo na mimi.

"Masha Allah," akasema Bwana Shaame. Hakuamini, nilimwona hakuamini. "Na binti naye kafunga?"

Baba hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Nikaletewa kashata, nikaila, kwa kuwa ilikuwa ya nazi na mimi nilikuwa mtoto.

Baba aliipapasa injini. Baridi kabisa. Alipiga kiki mara moja, ikawaka. Aliniambia nishike kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi, kikabaki cheupe. Taa ziliwaka zote, honi ililia, kadi ilikuwa na jina lake na namba zililingana. Baba alizunguka na kuzunguka, akichuchumaa, akitafuta ubaya, na jinsi alivyozidi kuukosa ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Mwisho akataja bei yake, ya chini ya kuonea haya, akingoja kutukanwa.

"Sawa," akasema Bwana Shaame.

"Sawa?"

"Chukua, yakhe. Kuno hakuna atakayeipanda."

Hakusema kwa nini, na Baba hakuuliza. Nilipanda nyuma, nikamshika kiuno, tukaondoka. Nilipogeuka, Bwana Shaame alikuwa amekaa barazani peke yake, sahani ya kashata ubavuni, akitupungia mkono kama jamaa.

Tulisimama kwenye shamba la rafiki yake Baba nje ya mji wa Chake, mtu ambaye hakuuliza mambo. Hapo ndipo ilipopakwa rangi ya buluu, rangi ya mlango iliyobaki, ikazimuliwa kwa mafuta ya taa. Baba hakuisugua kwanza kwa msasa. Alikuwa na haraka, na alipaka akitazama njiani. "Sikiliza, mwanangu," akaniambia, brashi mkononi. "Hii tumeinunua Mkoani. Ukimwambia mtu vyengine, hakuna atakayenunua samaki wangu. Hata mmoja. Umefahamu?" Nilifahamu. Usiku ule Mama peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli.

Basi samaki wakaanza kufika kabla ya jua kukaa sawa, macho yanang'aa, mashavu mekundu. Bi Time alibonyeza, akanusa, akanunua. Tuliishi vizuri kwa muda. Ila palikuwa na jambo ambalo Baba hakuweza kulipaka rangi. Pikipiki ilipokuja inapanda kilima, kabla haijaonekana, milango ilifungwa. Watu waliingiza majamvi yao ya karafuu ndani, wengine wakakaa juu ya magunia kama wanaopumzika. Kisha Baba akatokeza na tenga lake, nao wakatoka wakicheka kicheko cha aibu.

"Omari, chombo chako kinalia kama cha yule bwana."

"Za aina hii zote mlio wao mmoja," Baba akajibu.

"Ati eh?"

"Ndiyo. Kama punda."

Wakacheka, wakanunua, lakini macho yalibaki kwenye tangi la buluu. Hata mimi nilijifunza kulitazama hivyo, kwa sababu nyengine kabisa.

Bibi alikuwa mwanamke wa tohara. Nguo zake za kusalia zilikuwa na kamba yake ya kuanikia, ndoo yake haikuguswa, na paka akipita karibu na mswala ilikuwa kesi. Kila siku nilimwona akila samaki waliokuja juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alikiita najisi kuliko mbwa. Alisema hivyo kwa kila kilichoguswa na Bwana Shaame. Mimi nilikaa juu ya pikipiki ile, na nguo zangu. Baba aliipanda mpaka msikitini. Na kashata je? Nilipolala nilihesabu walioguswa, nikaona ni sisi sote, na sala zetu sote hazifiki popote. Sikuweza kumwambia Bibi kwa sababu ya samaki. Sikuweza kumwambia Baba, kwani yeye ndiye aliyenifunga mdomo.

Chuoni, tulikokwenda kusoma Kurani, Mwalimu Haji alikuwa akitusomesha habari za tohara. Najisi nzito, akasema, kama ya mbwa, huoshwa mara saba, na mara moja yake kwa udongo. Mtoto mmoja akauliza, na ikiwa mkono una lami ya mtumbwi? Mwalimu Haji akapiga ubao kwa kiganja. "Maji yasipofika, hakuna tohara! Lami, gundi, rangi ya kucha, chochote kilichofunika, ondoa kwanza. Halafu osha." Nilihisi kwamba ananitazama mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Wete. Najisi ilikuwa chini ya rangi. Na ikisha kusafishwa ikawa safi, nilijiambia, hapatakuwa tena na haja ya kuificha.

Nilingoja Ijumaa, wanaume wako msikitini, Mama yuko kisimani na nguo, Bibi anasali chumbani kwake. Nilichota maji, nikachukua kumbi la nazi, mchanga na kifuu chenye ukingo mkali. Rangi haikunisumbua. Haikuwa imeshika vizuri, na pale petroli ilipokuwa ikimwagika karibu na mfuniko ilitoka kama ganda la ndizi bivu. Nilikwangua tangi, nikakwangua na mbawa za kukingia matope. Kisha nikapaka udongo kila mahali, nikasuuza, ikawa moja. Nikaosha tena. Maji ya buluu yalitiririka uani mpaka kwenye mgomba. Nilifurahi, sikuficha. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti.

Njia ya msikitini ilipita mbele ya ua wetu. Nilipofika mara ya sita nilisikia ndara, kisha nikasikia kwamba zimesimama.

Wa kwanza alikuwa mume wa Bi Time, na nyuma yake wengine, kanzu nyeupe zimejipanga njiani. Pikipiki ilisimama katikati yetu, inadondoka maji, nyekundu kama siku ile ya Wete.

"Kumbe," akasema mmoja.

Mume wa Bi Time akainama kidogo, kwa sauti ya upole, kama anayemuuliza mtoto habari za chuo. "Weye mwana. Hino pikipiki ya nani?"

"Ya Baba."

"Na kabla ya Baba?"

"Ilikuwa ya Bwana Shaame," nikasema, "lakini sasa naitahirisha. Bado mara moja tu."

Baba alikuwa amechelewa kwa ajili ya sunna. Alipofika, watu walimpisha, akapita katikati yao mpaka kwenye ndoo. Hakunipiga. Aliyamwaga yale maji niliyoyaweka kwa mara ya saba, akaigeuza ndoo kifudifudi. "Ingia ndani," akasema.

Kesho yake tenga lilirudi limejaa. Kesho kutwa pia. Watu hawakumtukana Baba wala hawakumgombeza. Salamu waliijibu, kwani kujibu ni wajibu, lakini waliijibu wakiwa wameshampita, wakiiambia njia. Bi Time alitoka mlangoni, akatazama samaki wazuri wa kung'aa, akasema, "Leo tumefunga." Siku ya pili akasema hivyo hivyo, huku akitafuna. Nilimwona Baba akiinamisha kichwa. Alikwenda vijiji vya mbele, habari ilikuwa imeshamtangulia. Mama alipasua samaki, akatia chumvi, akaanika mpaka paa lote la jiko likawa ng'onda na nzi. Baba alianza kusema kwamba pengine tuhamie Wete, kisha akakumbuka kwamba Wete nako wapo wenye macho, akaliacha. Nilielewa wakati huo kwamba mtu anaweza kuhamishwa kwenye kijiji bila ya kutoka nyumbani kwake.

Bibi naye alisusa. Alipika chungu chake peke yake, mchicha na muhogo, na hakusema na Baba. Mpaka alasiri moja, Baba anafunga tenga tupu, Bibi akatoka akasimama mbele yake.

"Hukujua ni ya nani?"

"Nilijua, Mama."

"Ukainunua. Chombo kilichomfunga mdogo wako."

"Nilinunua chombo, Mama. Sikununua mtu."

"Na ndiye yeye, au siye?"

Baba aliacha kamba. "Sijui. Nilimtazama usoni kama nilivyoitazama pikipiki, nikitafuta. Sikuona kitu. Lakini sikumuuliza. Angesema ndiye, ningerudia baiskeli."

Bibi aligeuka, akanikuta mimi nimejibanza kwenye nguzo ya jiko.

"Na weye, siku ile ulikuwa ukiosha nini?"

Nikamweleza yote, Mwalimu Haji, lami ya mtumbwi, kashata, sala zetu. Nililia katikati lakini nikamaliza. Nilidhani atasukutua.

"Ukaosha mara ngapi?"

"Sita, Bibi. Udongo nilianzia."

"Rangi ukaitoa kwanza?"

"Maji yasingefika."

Alinitazama kwa muda mrefu, jicho lile lile alilowatazamia watu wote, la kutafuta. Kisha akaingia chumbani kwake.

Ijumaa, watu walipokuwa msikitini, nilimwona ametoka na ndoo yake mwenyewe, ile isiyoguswa, kanga ameifunga kiunoni. Aliitaka pikipiki iletwe uani mbele, karibu na njia. Mama na mimi tuliisukuma. Bibi akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akangoja.

Ndara zilipokaribia, alisimama. Hakumtazama mtu.

"Mwalimu Haji," akasema, "pita ndani usimamie. Mwanafunzi wako kaacha kazi nusu."

Mwalimu Haji akasita, akaingia. Wengine wakabaki njiani, na nyuma yao wanawake wakaanza kutoka majumbani. Bibi alichota maji kwa kata, akamimina juu ya tangi taratibu, akilifuatisha kwa kiganja. Aliosha kiti, akaosha mishikio, akapitisha vidole katikati ya meno ya tairi, moja baada ya jengine, kama anayemsafisha mtoto masikio. Ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka.

Mume wa Bi Time hakuweza kuvumilia. "Bi Mize! Weye tena? Na mwanao Kombo je?"

Bibi hakuinua kichwa. "Kombo mwanangu mimi. Akija kuuliza, nitamjibu mimi."

Alimaliza maji ya mwisho kwenye gurudumu la nyuma, akanyanyuka kwa kujishika goti. "Mwalimu, imetahirika au haijatahirika?"

Mwalimu Haji akakohoa. "Kisheria, Bi Mize... ikiwa ilikuwa na najisi, basi sasa imetahirika."

"Ikiwa," akasema Bibi. "Haya. Na ikiwa haikuwa nayo, imeoga."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, na wengine wakashindwa kujizuia. Baba alisimama mwisho wa kundi, kofia mkononi, hakucheka.

Siyo wote waliorudi. Siku iliyofuata walinunua watu watatu wanne, wakichagua haraka na kuondoka kama wanaonunua kitu cha magendo. Bi Time alifunga mpaka karibu na Ramadhani yenyewe. Wapo ambao hawakununua tena kwa Baba kabisa, na milango iliendelea kufungwa pikipiki ikisikika, hata baada ya watu kujua vizuri ni nani anayekuja. Rangi haikupakwa tena. Tuliishi hivyo, tukinunuliwa na tukishukiwa, mpaka nikaondoka kwenda kusoma sekondari, na tangu hapo sijakaa mahali nikapaita pangu. Kama Bwana Shaame ndiye au siye, sikujua, na hata leo nikikutana na mtu wa Wete wa umri wake nasikia swali likinipanda kooni, nalimeza.

Lakini siku ile ya mwanzo, samaki wa watu watatu wanne walipouzwa, katika waliobaki palikuwa na changu mmoja mkubwa. Mama alimpika mchuzi wa nazi, akapakua. Sahani ya Bibi aliiweka mbele yake, akarudi nyuma. Baba alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa kanzu. Mimi niliacha kutafuna.

Bibi alikigeuza kipande kile kwa vidole. Alikitazama juu, akakitazama chini, akainama akakinusa. Akavunja pembeni kidogo, akatoa mwiba, akala. Alitafuna polepole, macho yake yako kwa Baba.

"Chumvi haijakolea," akasema, akaisogeza sahani aongezewe.